Mzee wa Kale wa Mto Columbia

Tarehe 28 Julai 1996, vijana wawili waliokwenda kutazama mashindano ya boti huko Kennewick, jimbo la Washington nchini Marekani, waliokota fuvu la mtu majini, kando ya Mto Columbia. Polisi walihofia ni mauaji. Mwanaakiolojia James Chatters akaitwa, akakusanya mifupa na vipande vipatavyo 300, karibu kiunzi kizima cha mifupa ya mtu mmoja.

Kilichomshtua kilikuwa nyongani. Ndani ya mfupa ilikuwamo ncha ya mkuki ya jiwe, na mfupa wenyewe umeota ukaizunguka. Mtu huyo alichomwa, akapona, akaendelea kuishi na jiwe mwilini. Kipimo cha kaboni kilipotoka, ikajulikana kwamba alifariki miaka ipatayo 9,000 iliyopita.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inawapa wenyeji wa asili haki ya kurudishiwa mabaki ya wahenga wao. Wakajitokeza Waumatilla, Wayakama, Wanez Perce, Wacolville na Wawanapum. Walimwita Mzee wa Kale, na walitaka jambo moja tu: arudishwe ardhini. Kikosi cha wahandisi wa jeshi, kilichosimamia eneo lile, kilikubali. Wanasayansi wanane wakaenda mahakamani Oktoba 1996 kuzuia. Hoja yao ni kwamba fuvu halikufanana na ya wenyeji wa leo, na kwamba kumzika bila kumchunguza ni kuifukia historia ya binadamu wote.

Kesi ilivuta miaka. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa iliwapa ushindi wanasayansi: uhusiano kati ya mifupa ile na makabila ya sasa haukuthibitishwa. Kwa wazee ambao masimulizi yao yanasema wamekuwa kando ya mto huo tangu mwanzo, hukumu hiyo ilikuwa tusi. Waliambiwa kwamba kumbukumbu ya ukoo si ushahidi wa kutosha.

Uchunguzi ulifanyika, na sitaubeza. Mifupa ilionyesha kwamba alikula zaidi samaki na viumbe wengine wa majini. Lakini mwanaanthropolojia Douglas Owsley na wenzake, katika kitabu kikubwa cha mwaka 2014, walishikilia kuwa umbo la fuvu lilimweka karibu na Wapolinesia na Waainu wa Japani kuliko wenyeji wa Marekani.

Mwaka mmoja tu baadaye, vinasaba vilitoa jibu jingine. Timu ya Eske Willerslev kutoka Copenhagen ilitumia kipande kidogo cha mfupa wa mkono, ikakuta kwamba hakuna watu walio hai wanaomkaribia kuliko wenyeji wa asili wa Marekani. Wacolville walikuwa wamekubali kutoa sampuli zao ili zilinganishwe. Watu waliokuwa wakitazamwa kama maadui wa elimu ndio walioisaidia elimu kusema kweli. Kama wangeombwa kwa heshima mwaka 1996, nadhani sehemu kubwa ya uchungu ule isingekuwapo.

Desemba 2016 Rais Obama alitia saini sheria ya kuyakabidhi mabaki hayo. Tarehe 18 Februari 2017, zaidi ya watu 200 wa makabila yale matano walimzika Mzee wa Kale mapema asubuhi, mahali ambapo hapatangazwi.

Habari hii inatuhusu moja kwa moja. Berlin kuna mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni wa Kijerumani, mengi ya Rwanda na mamia mawili hivi ya Tanzania. Haya si ya miaka 9,000; wajukuu na vitukuu wa marehemu hao wapo. Mwaka 2023 watafiti wa Ujerumani walitangaza kwamba vinasaba vya baadhi ya mafuvu vimewiana na mate yaliyotolewa na familia za Kilimanjaro. Familia hizo zimekwisha kufanya sehemu yao. Serikali za Tanzania, Rwanda na Ujerumani ziziketishe mezani tangu kikao cha kwanza, maana suala la kuzika, wapi na kwa taratibu zipi, ni la wenye marehemu.