Mgeni Asiyeitwa: Sikio Moja na Nyayo Nyingi katika Njia ya Tabora

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maneno haya ni mazuri, na katika nyumba za watu aghalabu yana ukweli. Lakini mwili wa binadamu nao ni nyumba, na wako wageni waingiao humo bila ya hodi, ambao humwuguza mwenyeji wao. Mwiba, risasi, ncha ya mkuki, mdudu: kila kimoja cha hivi kikiingia katika nyama huwa na historia yake. Makusudi ya insha hii ni kuitazama njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora mpaka Ujiji, kwa kuwafuata wageni wa namna hiyo. Nitaeleza habari ya sikio moja na habari ya nyayo nyingi. Kisha nitauliza kwa nini habari ya kwanza imeandikwa hata ubawa wa mdudu ukatajwa, na ya pili ikaachwa karibu bila ya majina.

Tarehe 7 Novemba, 1857, Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Kazeh, makao ya wafanyabiashara Waarabu katika Unyanyembe, karibu na mahali ulipo mji wa Tabora leo. Walipokewa kwa ukarimu na Snay bin Amir. Wote wawili walikuwa na makovu ya chuma katika miili yao. Mwaka wa 1855, walipokuwa Berbera katika pwani ya Somalia, kambi yao ilishambuliwa usiku. Mkuki ulipenya shavu moja la Burton ukatokea la pili, naye akakimbia ungali umekwama katika taya zake. Speke alichomwa mara nyingi akaponea chupuchupu. Basi maumivu hayakuwa mageni kwao. Hata hivyo, maumivu ambayo Speke aliyahesabu kuwa makali kupita yote aliyoyakumbuka yaliletwa baadaye na mdudu mdogo.

Mwezi wa Februari, 1858, walifika Ujiji. Burton alikuwa mgonjwa sana, na Speke alikuwa na ugonjwa wa macho hata haoni sawasawa. Mwezi wa Machi Speke alivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi pamoja na Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa mkalimani wake, ili akakodi jahazi la Sheikh Hamed bin Sulayyim. Katika kisiwa cha Kivira dhoruba iliwapiga usiku, ikalitikisa hema. Upepo ulipotulia, Speke aliwasha mshumaa apange vitu vyake. Mara hema likajaa wadudu weusi wadogo wenye mbawa ngumu, wa jamii ya mbawakawa. Alijaribu kuwafukuza akashindwa, akalala hali wakimtambaa. Mmoja akamwingia sikioni.

Alipofika ndani mdudu yule alianza kuchimba kwa nguvu kwenye kiwambo cha sikio. Tumbaku, mafuta na chumvi havikupatikana. Speke akayeyusha siagi akaimimina, haikufaa. Ndipo aliposhika kisu kidogo cha kukunja, akaingiza ncha yake. Mdudu alitulia, lakini sikio lilijeruhiwa vibaya. Likavimba na kutunga usaha. Majipu yakajipanga kutoka sikioni mpaka begani. Kwa siku kadhaa hakuweza kutafuna, akaishi kwa mchuzi. Jambo la ajabu ni kwamba macho yake yalipata nafuu, naye akadhani uvimbe wa sikio umeyavuta maradhi yake. Kwa miezi mingi alikuwa karibu kiziwi, na tundu likafunguka baina ya sikio na pua, hata akipenga kamasi sikio hupiga mluzi na watu wakacheka. Baada ya miezi sita au saba, vipande vya mdudu, mguu, ubawa na sehemu za kiwiliwili, vilitoka pamoja na nta ya sikio.

Na tuihesabu miezi hiyo. Speke alirudi Kazeh mwezi wa Juni. Mwezi wa Julai alielekea kaskazini bila ya Burton, na tarehe 3 Agosti, 1858, karibu na mahali ulipo mji wa Mwanza, alilitazama Ziwa Nyanza, ambalo alilipa jina la Victoria. Kutoka Machi mpaka Agosti ni miezi mitano. Maana yake ni kwamba mtu aliyelitazama ziwa lile, akashikilia kuwa ndilo chanzo cha mto Nile, alikuwa bado na vipande vya mbawakawa wa Tanganyika kichwani mwake. Wanajiografia wamebishana sana juu ya kile alichokiona. Wachache hukumbuka kile alichokichukua.

Matabibu wa leo wasingemlaumu kwa siagi yake. Mdudu aliye hai ndani ya sikio huuawa kwanza, aghalabu kwa mafuta ikiwa kiwambo hakijatoboka, kisha mtaalamu humwondoa kwa kibano au kwa maji. Kosa lilikuwa kisu. Ncha kali mahali pasipoonekana huweza kudhuru kuliko mdudu mwenyewe.

Sasa tuliache sikio, tutazame chini. Mizigo ya njia ile, yaani pembe za ndovu, nguo, shanga na waya, ilibebwa hasa na wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alichukua kiasi cha frasila mbili, karibu kilo 30, akaenda safari ya miezi, aghalabu miguu mitupu. Unyayo kwake ulikuwa chombo cha kazi kama jembe kwa mkulima. Katika mwaka wa 1858 unyayo huo ulijua miiba na mawe ya njiani. Lakini ulikuwa haujamjua mgeni mmoja aliyekuwa bado ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Mgeni huyo ni funza, ambaye pia huitwa tekenya. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. Mwaka wa 1872 meli iliyoitwa Thomas Mitchell ilitoka Brazil ikafika Ambriz katika Angola, na katika mchanga uliotiwa ndani yake ili kuipa uzito mlikuwa na funza. Kutoka hapo alizifuata njia za watu: mto Kongo na vituo vyake, misafara ya biashara na misafara ya wavumbuzi. Miaka 30 haikutimia kabla ya yeye kulipita bara zima kutoka magharibi mpaka mashariki, akafika na Unguja. Njia za wapagazi zikawa njia zake, na miguu yao ikawa chombo chake cha kusafiria.

Funza jike ana urefu wa kama milimita moja. Hujichimbia katika ngozi, hasa pembeni mwa kucha na kisiginoni, akaacha nje ncha ya nyuma ya mwili wake apate kupumua na kutoa mayai. Katika muda wa wiki moja au mbili hufura akawa kama punje ya njegere, akayaangusha mayai yake mchangani, kisha akafa humo humo alimo. Jeraha likichafuka huleta usaha, kuoza kwa vidole, na hata pepopunda. Kwa mtu akaaye kitini hii ni adha. Kwa mpagazi na kwa mkulima ni kupokonywa riziki. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, aliyepita Uzinza upande wa kusini-magharibi wa Nyanza mwaka wa 1892, alieleza habari za watu walioshindwa kuvuna mashamba yao kwa ajili ya funza, wakapatwa na njaa. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka wa 1977 juu ya mazingira na uchumi wa Afrika ya Mashariki, alimweka mdudu huyu pamoja na sotoka na ndui katika mapigo ya miaka ile.

Wala mgeni huyu habagui. Mbwa, paka na nguruwe humkaribisha vilevile bila ya kutaka. Mbwa hupatwa katika nyayo, akalamba na kuguguna asipate nafuu, na mayai yaangukayo kutoka kwake hukua katika sakafu ile ile ya udongo wanapocheza watoto. Kwa hiyo nyumba imtibuyo mtoto ikamsahau mbwa haijamaliza kazi yake.

Watu hawakukaa wakitazama. Walijifunza kumtoa mdudu kwa mwiba, kwa pini au kwa sindano, wakiifungua ngozi polepole kulizunguka doa jeusi, ili atoke mzima bila ya kupasuka. Kazi hiyo hutaka nuru, jicho jema na subira, mambo ambayo Speke hakuwa nayo usiku ule hemani. Lakini sindano hiyo ikipita mguu hata mguu bila ya kusafishwa huweza kuhamisha maradhi mengine. Lugha nayo ilimpokea mgeni huyu kwa maneno yake yenyewe: funza ni jina la buu pia, na tekenya lina sauti ile ile ya kitendo cha kumtekenya mtu.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka wa 1912 na Kigoma mwaka wa 1914. Mbali na mateso ya Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918, ambapo wapagazi walichukuliwa tena kwa wingi, upagazi wa safari ndefu ulififia. Funza hakuondoka nao. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2012 ulionyesha kwamba katika vijiji vya magharibi ya Tanzania bado walikuwapo watu wengi waliougua vibaya kwa ajili yake. Siku hizi iko dawa ya mafuta iitwayo dimetikoni, iliyojaribiwa nchini Kenya, ambayo huliziba tundu la pumzi la funza akafa bila ya ngozi kukatwa. Hekima yake haiko mbali na ya siagi ya Kivira: mzuie mgeni pumzi, uache kisu.

Tunaijua habari ya sikio la Speke kwa sababu mwenye sikio alikuwa na kalamu, na wasomaji wa London walikuwa wakimngoja. Wenye nyayo hawakungojwa na msomaji yeyote. Habari yao tunaipata pembeni tu: katika shamba lisilovunwa ambalo msafiri alilitaja kwa mistari michache, na katika neno tunalolitumia bila ya kufikiri lilivyotufikia. Mwanafunzi wa historia ya Tabora asikidharau kitabu cha Speke, kwani ni shahidi mwema wa maumivu ya mtu mmoja. Bali kila akutanapo na ukurasa unaosema kwamba msafara ulichelewa, au kwamba wapagazi walikataa kuondoka, na aulize nyayo zao zilikuwa katika hali gani asubuhi ile.