Kitabu Kilichotafunwa Lokichar

Kitabu cha kwanza cha binti yangu, alikila. Si chote, ni pembe moja tu, lakini aliitafuna kwa bidii ya mtu aliyeshinda njaa. Alikuwa na miezi saba. Kilikuwa kitabu cha kadibodi ngumu, kurasa nane, nilichokitoa kwenye rundo la mitumba kule Kitale kwa shilingi 50. Ndani kulikuwa na nguruwe wa rangi ya waridi, theluji, na mtoto wa Kizungu amevaa glavu. Nilikaa naye chini ya mti wa ewoi nje ya nyumba yetu hapa Lokichar, nikamsomea picha moja moja kwa Kiswahili, naye akanijibu kwa ufizi.

Ata, yaani nyanya yangu, alikuwa ameketi kando akitutazama. Alingoja mpaka nikamaliza, ndipo akaniambia kwa Kiturkana maneno ambayo nayatafsiri hivi: "Kitabu kilikula mbuzi wetu kikakurudisha mikono mitupu. Sasa unampa na huyu?"

Sikuwa na jibu. Mbuzi anaowataja waliuzwa kweli, mmoja baada ya mwingine, ili mimi nisome chuo kikuu. Walipokwisha, karo nayo ikakwama, nikarudi nyumbani mwaka wa pili bila cheti. Siku hizi naandika vibarua vya kuandika. Wakati mwingine naitwa kwenye mikutano ya mahotelini Lodwar niandike ripoti, na huko ndiko ninakosikia ile sentensi isiyochoka: ati wafugaji hawathamini vitabu, ati wanahitaji kuhamasishwa. Huwa naiandika kama ilivyosemwa, maana ndiyo kazi niliyolipwa. Lakini Ata hakunizungumzia kuhusu kutothamini. Alinizungumzia kuhusu deni. Nikaanza kujiuliza kitabu kilifikaje kwetu, na kwa nini mtu mwenye akili kama yake akione kama fisi.

Karatasi iliyokuja Turkana na serikali ya Waingereza haikuwa na hadithi. Ilikuwa na orodha. Mwaka 1918 jeshi la wakoloni lilifanya msafara wa Labur, likawapiga watu wa kaskazini na kuwanyang'anya mifugo. Baada ya bunduki ikaja kalamu: nani anaishi wapi, ana mifugo mingapi, alipe kodi gani. Kisha ikaja sheria ya wilaya zilizofungwa, ambapo hata kuingia Turkana kulihitaji kibali, yaani karatasi nyingine tena. Na serikali hiyo hiyo ilipotaka kumficha mtu wa vitabu, ilimleta huku kwetu. Jomo Kenyatta, aliyekuwa amechapisha kitabu chake Facing Mount Kenya mwaka 1938, alifungwa Lokitaung, kisha akawekwa Lodwar hadi 1961.

Mwaka huo huo wa 1961 kulikuwa na njaa kali. Wamisionari wa Kikatoliki walipata nafasi ya kuingia, na kwa miaka mingi iliyofuata shule na chakula cha msaada vilitembea vimeshikana mikono. Halafu, kati ya 1979 na 1981, ikaja njaa ambayo wazee wanaiita Lopiar, ile iliyofagia. Ukame, magonjwa ya mifugo na uvamizi wa bunduki zilizozagaa baada ya Idi Amin kuanguka vilikutana mahali pamoja. Ata alikuwa mama kijana. Aliniambia kwamba alipanga foleni siku tatu kwenye kambi moja ya chakula kwa sababu jina lake halikuwa kwenye karatasi. Alikuwa na mtoto mgongoni. Hakuniambia mtoto huyo alikuwa nani kati ya wajomba na mama zangu, na mimi sikuuliza.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba Ata anaogopa karatasi kwa ujinga, namwona yeye ndiye hajasoma.

Ndugu zetu wa upande wa pili wa mpaka walifikia hatua kubwa zaidi. Wakaramojong wa Uganda na sisi ni jamaa moja. Simulizi yetu inasema tulitoka kwao, kwa Wajie, tukimfuata bibi kizee Nayeche aliyefuata nyayo za fahali wa kijivu aliyepotea. Huko Karamoja inasimuliwa kwamba wakati wa ukoloni kalamu iliandika majina ya vijana wakapelekwa vitani, na wengi hawakurudi. Wazee wakailaani kalamu, wakaizika ardhini. Watoto wakakaa mbali na shule kwa vizazi. Ni katika miaka ya 1990 ndipo wazee walipofanya sherehe ya kuifukua na kuiondolea laana.

Kinachonivutia zaidi ni kile kilichokuja baada ya kufukua. Mwaka 1998 ulianza mpango wa elimu unaojulikana kama ABEK, uliopeleka masomo kwenye manyata zenyewe, asubuhi na mapema kabla ya kuchunga na tena jioni mifugo ikirudi. Msichana aliyekuwa yaya wa ndugu yake aliruhusiwa kuja naye darasani. Fikiria hiyo picha: dada anajifunza herufi huku mtoto mchanga yuko mgongoni, anasikia, anachungulia begani. Hakuna aliyemsajili huyo mtoto. Hakuwa kwenye orodha yoyote. Lakini kwangu mimi, huyo naye alikuwa mwanafunzi.

Kenya tulichukua njia nyingine, ya kumngoja mtoto afikie umri. Karo ya shule za msingi ilipunguzwa kwa awamu, kuanzia maeneo kame miaka ya 1970, kisha ikafutwa kwa wote mwaka 2003. Katiba ya 2010 ikaweka elimu ya chekechea mikononi mwa kaunti, na tangu ugatuzi uanze 2013 madarasa ya chekechea yameongezeka. Hata maktaba ilijifunza kutembea: mwaka 1996 huduma ya maktaba ya taifa ilianza kubebesha ngamia masanduku ya vitabu kule Garissa. Yote hayo ni mema. Lakini mtoto wa miezi saba hayumo. Kwa mipango yetu, kitabu kinaanza pale mtoto anapotoka kwa mama yake.

Mwaka 1992, mjini Birmingham, Uingereza, ulianza mpango mdogo uitwao Bookstart. Familia 300 zilipewa kitabu cha bure kwa ajili ya mtoto mchanga, kupitia wahudumu wa afya na maktaba. Hoja yake ilikuwa rahisi: mtoto asikutane na kitabu kwanza darasani, akutane nacho mapajani. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kikawashauri wanachama wake wawahimize wazazi kuwasomea watoto tangu wakiwa wachanga. Si kwamba mtoto ataelewa maneno. Anajifunza sauti, anajifunza kuangalia kile unachokiangalia wewe, na anajifunza kwamba hicho kitu chenye kurasa huja pamoja na joto la mtu.

Mwaka huo huo wa 1992, kwenye barabara hii hii inayopita Lokichar na Lodwar kuelekea kaskazini, ilifunguliwa kambi ya Kakuma. Miongoni mwa waliofika mwanzo ni maelfu ya wavulana wa Sudan waliotembea bila wazazi. Katika masimulizi yao, wengi wanasema elimu ndiyo iliyokuwa baba na mama yao. Nilikuwa naona msemo huo ni wa kupendeza, hadi nilipopata mtoto. Sasa naona ni msemo wa mtu aliyenyang'anywa vyote viwili akaachiwa daftari.

Nalisema hilo kwa sababu ya jambo lililotokea siku nyingine pale chini ya ewoi. Nilikuwa nikisoma, nikafika kwenye neno "mtoto." Binti yangu akageuka kumtafuta mama yake. Nikarudia: mtoto. Akageuka tena. Kumbe alikuwa sahihi. Kwa Kiturkana, toto ni mama. Kitabu kilisema mtoto, yeye akasikia mama, na alijua mama yuko wapi. Ata alicheka hadi akafuta machozi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka kwa ajili ya kitabu.

Basi nikaamua kuacha nguruwe na theluji. Hadithi za Kiturkana za kusomea watoto zipo: mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, umeweka baadhi kwenye intaneti, bure. Lakini skrini ya simu yangu imepasuka, na mtoto hawezi kutafuna simu. Nikakata katoni ya sabuni vipande sita, nikatoboa matundu, nikafunga kwa uzi wa gunia. Nikachora kwa kalamu ya wino mvua, ewoi, mbuzi, kibuyu, kigoda, na ngamia.

Ata aliuchukua ukurasa wa ngamia akautazama kwa muda. Akaniuliza, "Huyu ni wa nani?"

Nikasema ni ngamia tu.

"Hakuna ngamia tu," akasema. "Emachar yake iko wapi?"

Emachar ni alama inayochomwa kwenye ngozi ya mnyama, na ni neno hilo hilo tunalotumia kwa ukoo. Mtu aliyelelewa vizuri akiiona kwa mbali anajua mnyama ni wa nani na anapaswa kurudishwa wapi. Ata hajawahi kukaa darasani, lakini amesoma alama hizo tangu akiwa na umri wa kuchunga mbuzi. Mimi niliyefika chuo kikuu, nilikuwa nimechora mnyama asiye na kwao.

Akachukua kipande cha mkaa jikoni akachora alama yetu kwenye paja la ngamia. Kisha akampakata mtoto, akamwekea kidole chake kidogo juu ya ule mkaa, akamtajia jina la ukoo, la babu yangu, la fahali ambaye babu aliitwa kwa jina lake. Alisoma ukurasa mmoja kwa muda mrefu kuliko mimi nilivyosoma kitabu kizima.

Mtoto aliuvuta ule ukurasa mdomoni. Nikanyoosha mkono nimzuie, maana mkaa ulikuwa ukimpaka midomo.

"Mwache," Ata akasema. "Akimaliza tutachora mwingine."