Daftari la Ubatizo kama Matini: Unukuzi wa Majina ya Kishambaa katika Utafiti wa Nasaba

Makala haya yanashikilia kuwa mnukuzi wa madaftari ya zamani ya ubatizo katika Milima ya Usambara hana budi kulinda tahajia aliyoikuta, kwa kuwa tahajia hiyo ni sehemu ya ushahidi wenyewe.

Mwaka 1891 wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, wa shirika lililokuja kujulikana kama Misheni ya Betheli, walianzisha kituo huko Mlalo, wakakiita Hohenfriedeberg. Lushoto nayo, makao ya utawala wa Kijerumani, iliitwa Wilhelmstal. Majina hayo mawili peke yake yanatosha kumpoteza mjukuu anayetafuta kijiji cha babu yake.

Ugumu huongezeka katika majina ya watu. Mwandishi aliyefuata mazoea ya Kijerumani aliweza kuandika *sch* mahali pa *sh*, na *j* mahali pa *y*. Hivyo Sheuta, yaani "baba wa upinde", lingeweza kuandikwa Scheuta. Katika mwandiko wa Kurrent, *e* na *n* hukaribiana mno kwa umbo. Aidha, sarufi ya Karl Roehl ya mwaka 1911 inawaita wenye lugha hii Schambala, ilhali leo umbo Shambaa, lisilo na *l*, ndilo lililoenea. Anayeifuta *l* ya namna hiyo kwa nia ya kusahihisha hufuta pia alama ya historia ya sauti.

Lenye uzito zaidi ni jina lililotangulia ubatizo. Pale lilipoandikwa kando ya jina la Kikristo, mnukuzi akilitupa na kubakiza Yohana au Maria, uzi wa ukoo hukatika, maana akina Yohana ni wengi. Inafaa basi kuwe na safu mbili: moja ya umbo lililoandikwa, nyingine ya umbo sanifu la kutafutia, na kila herufi yenye shaka iwekewe alama.

Hata hivyo, daftari husajili waliobatizwa tu. Katika eneo lenye Waislamu wengi, ndugu wa tumbo moja huweza kutenganishwa nalo. Kwa hiyo unukuzi usomwe kwa sauti mbele ya wazee: sikio huweza kulitambua jina ambalo jicho limelipita, na simulizi humrejesha ndugu ambaye daftari halikumtaja.