Peugeot 504 na Toyota Hilux: Pikapu mbili katika barabara ya Meru na Embu

Katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, pikapu hupimwa kwa mambo mawili: mzigo inaobeba na wakati inaofika. Hapo ndipo Peugeot 504 ya zamani na Toyota Hilux iliyoifuata hutofautiana.

Sifa za Peugeot nchini Kenya zilianzia kwenye Mbio za Magari za Safari. Peugeot 404 ilishinda mwaka wa 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Gari la 504 lilitwaa ushindi mwaka wa 1975 na 1978. Pikapu ya 504, iliyounganishwa pia humu nchini, ilibeba takriban tani moja juu ya springi za mabamba ya chuma. Injini yake ya dizeli ya lita 2.3 ilitoa nguvu za farasi 70 hivi tu. Ilipanda milima polepole, lakini fundi wa kijijini aliweza kuifungua na kuitengeneza kwa spana chache.

Hilux iliyozinduliwa mwaka wa 2004 ni ya kizazi kingine. Injini yake ya dizeli ya lita 3.0, yenye turbo na mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti mafuta, hutoa hadi nguvu za farasi 163, zaidi ya maradufu. Hata hivyo, ikipata hitilafu huhitaji kompyuta na vipuri vya bei ghali.

Nguvu hizo zina maana kubwa kwa wafanyabiashara wa miraa. Majani hayo huvunwa Nyambene, hufungwa kwa majani ya mgomba, na hupoteza thamani baada ya siku mbili au tatu. Kwa hiyo pikapu hutoka Maua kwa kasi, zikipitia Meru, Nkubu, Chuka na Embu kuelekea Nairobi ili kuwahi soko na ndege.

Lakini barabara hiyo ina kona kali na mabonde marefu. Mnamo Julai 2022, zaidi ya watu 30 waliangamia basi lilipotumbukia kwenye bonde la mto Nithi.

Hesabu ni rahisi. Katika kilomita 200, dereva anayekwenda kilomita 120 kwa saa badala ya 80 huokoa dakika 50. Nishati ambayo breki zake zinapaswa kuimaliza, hata hivyo, huongezeka zaidi ya mara mbili, na shehena iliyorundikwa juu hufanya gari kuwa rahisi kupinduka penye kona.

Peugeot ilimlazimisha dereva kuwa na subira. Hilux imemwachia uamuzi huo mwenyewe. Miraa iliyochelewa kwa dakika 50 bado huuzwa. Iliyotumbukia mtoni haiuzwi, na aliyeibeba huenda asirudi nyumbani.