Wafungwa Waliomshitaki Nahodha

Wengi wetu tukipita Queens Square hapa Sydney, mbele ya jengo refu la Mahakama Kuu ya New South Wales, huongeza mwendo. Tulikotoka, korti ni mahali pa kuogopwa.

Lakini kesi ya kwanza ya madai katika koloni hili, Julai 1788, ilifunguliwa na wafungwa: Henry Kable na mkewe Susannah. Mzigo wao ulipotea katika meli ya Alexander, wakamshitaki nahodha, Duncan Sinclair. Kwa sheria ya Uingereza, aliyehukumiwa kifo, hata akipunguziwa adhabu, hakuweza kudai kitu. Aliyeongoza mahakama, David Collins, alikuwa mwanajeshi, si mwanasheria (pengine ndiyo bahati yao!). Wakapewa pauni 15.

Mahakama Kuu yenyewe ilifunguliwa Mei 1824, Francis Forbes akiwa Jaji Mkuu. Mwaka 1827 alimkatalia Gavana Darling sheria ya kuyatoza magazeti leseni. Sisi wa kijarida hiki tuna deni kwake.

Wenyeji wa nchi hawakupata hata ile nafasi ya akina Kable. Hadi 1876, asiyeweza kula kiapo cha dini hakupokelewa kuwa shahidi.