Hundi za Pamba katika Wilaya ya Poinsett

Katika majira ya joto ya mwaka 1933, wakulima wa kusini mwa Marekani walilipwa na Serikali yao ili waharibu pamba yao wenyewe. Karibu ekari milioni 10 za pamba iliyokwisha kuota zilipinduliwa kwa plau. Yasimuliwa kwamba nyumbu (si yule mnyama wa porini tumjuaye sisi, bali mtoto wa punda na farasi) waliigomea kazi hiyo, kwani tangu ujana wao walikuwa wamefundishwa wasikanyage mche hata mmoja.

Sababu ilikuwa bei. Ratili moja ya pamba, iliyouzwa kwa senti 16 na zaidi mwaka 1929, haikufika senti 6 mwaka 1931. Ndipo Rais Franklin Roosevelt alipotia sahihi Sheria ya Kurekebisha Kilimo, tarehe 12 Mei 1933. Shauri lake lilikuwa hili: pamba ikipungua sokoni bei itapanda, na mkulima akubaliye kupunguza shamba lake atapewa fedha. Bei ilipanda kweli, hata ikapita senti 10.

Lakini mkulima ni nani? Katika wilaya ya Poinsett, jimbo la Arkansas, aliyeshika plau mara nyingi hakuwa na ardhi. Mwenye shamba alimpa nyumba, mbegu na nyumbu, wakagawana mavuno nusu kwa nusu. Chakula alikikopa, mara nyingi katika duka la bwana huyo huyo. Mikataba ya mwaka 1934 ilimpa mwenye shamba senti 4 kwa kila ratili isiyolimwa, na mgawana mavuno nusu senti. Hata nusu hiyo ilipitia mikononi mwa bwana, naye aliweza kuikata kwa deni la duka. Tena, ekari zikipungua, mikono ya kazi yahitajiwa michache. Mkataba ulimtaka mwenye shamba asiwapunguze watu wake, ila kwa maneno haya: kadiri iwezekanavyo. Na kamati za wilaya zilijaa wenye mashamba. Sidhani kwamba waliotunga sheria walikusudia ubaya. Walikuwa na haraka, na aliyekuwa karibu na masikio yao ni mwenye ardhi.

Mwezi wa Julai 1934, baada ya jamaa kadhaa kufukuzwa katika shamba moja karibu na mji mdogo wa Tyronza, wazungu 11 na watu weusi 7 walikutana katika nyumba ya shule, wakaanzisha chama cha wakulima wapangaji. Walijadiliana kwanza iwapo viwe vyama viwili, kimoja kwa kila rangi, kama ilivyokuwa desturi ya nchi. Wakachagua kimoja. Kwa kosa hilo wanachama walipigwa, wakafungwa, na mikutano yao ikavunjwa. Huko Washington, mawakili wa Serikali waliojaribu kukikaza kifungu cha kuwalinda wapangaji waliachishwa kazi Februari 1935.

Sheria mpya ya mwaka 1938 ilimwongezea mgawana mavuno sehemu yake. Basi wenye mashamba wengi walivunja mapatano, wakawaajiri watu wale wale kwa ujira wa siku, maana kibarua hana haki katika hundi. Januari 1939, katika jimbo jirani la Missouri, zaidi ya watu elfu moja, wengi wao weusi, walihamia kando ya barabara kuu mbili pamoja na vitanda na majiko yao, wakalala hapo katika baridi ili wapita njia wawaone. Baada ya siku chache polisi wa jimbo waliwaondoa, kwa madai kwamba walihatarisha afya ya umma.