Mkutubi wa London na Historia ya Kilwa

Sandford Arthur Strong (1863–1904), mtaalamu Mwingereza wa lugha za Mashariki aliyekuja kuwa mkutubi wa Bunge la Malodi, ndiye aliyechapisha mwaka 1895, katika jarida la kitaaluma mjini London, matini ya Kiarabu ya tarikh ya Kilwa, yaani historia ya masultani wa kisiwa hicho. Muswada alioutumia, ambao ni nakala iliyoandikwa kwa mkono Unguja mwaka 1877, ulihifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza, ilhali kazi yenyewe ilitungwa karne ya 16, baada ya Wareno kuuteka mji mwaka 1505. Humo husimuliwa kwamba Ali bin Hassan wa Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo, na masimulizi yanayokaribiana nayo aliyachapisha Mreno João de Barros mwaka 1552. Kwa kuwa masimulizi ya nasaba hutungwa pia ili kuhalalisha utawala, wanaakiolojia walilazimika kuyapima maneno hayo kwa sarafu, vyungu na magofu. Hata hivyo, bila muswada huo, majina mengi ya masultani wa Kilwa yangepotea.